Ua Tuliloapia Nyuma ya Kanisa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, niliapa kwa ua, na sioni haya kusema kwamba kiapo kile nilikiamini kuliko sala za Jumapili.

Lilikuwa ua dogo la njano, halina hata kikonyo. Lilikaa juu ya majani yaliyolala chini kabisa, nyuma ya kanisa letu. Kiangazi lilipotea, mvua ya kwanza ikinyesha linarudi palepale. Lilikuwa moja tu. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alilijua tangu kwao kwenye milima ya Bukavu. Alituambia wawili wakila jani lake pamoja wamekuwa ndugu: hakuna wa kuondoka bila kumuaga mwenzake. Atakayetoroka, tumbo litamvimba mpaka afe.

Mimi na Divine, binti wa jirani zetu Warundi, tukala. Lilikuwa chungu ajabu. Divine alitaka kutema, nikamlazimisha ameze. Ndivyo nilivyo, mambo ya nusunusu siyawezi.

Mwaka uliofuata familia yao ilipata nafasi ya kwenda Kanada. Wenye safari huficha siku kwa kuogopa macho ya watu, lakini mimi sikuhangaika. Wengine wangefichwa, mimi nilikuwa na kiapo. Asubuhi moja nikitoka kuchota maji nikakuta mlango wao umefungwa kwa kufuli. Basi lilikwisha kuwachukua kwenda Lilongwe, kwenye uwanja wa ndege.

Nilikimbia nyuma ya kanisa. Nilidhani nikikuta ua limenyauka nitajua Divine anaumwa. Nikakuta shimo. Limeng'olewa na mzizi wake.

Koko alikuwa akichambua maharagwe. Nilipomweleza hakuinua uso.

"Mi njo nilimuonesha," alisema. "Ukingola muzizi, kiapo inaisha. Alikuya hapa analia, anaogopa tumbo. Ningefanya nini? Ni mutoto."

"Na mi, Koko?"

"We uko hapa na mi. Hauna safari."

Divine alipata nafasi ya kuja kwetu, kulia na kuchimba. Ya kuniaga akaikosa. Na Koko alijua siku zote zile, akanipakulia nsima, akanisuka nywele, kimya. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimeshika kitana.

Siku hizi nashona nguo Area 47, Lilongwe. Mvua zikianza huwa natazama chini njiani, lakini ua lile sijaliona tena. Divine hunitumia picha za watoto wake, nami humjibu vizuri. Huyo nimemsamehe, alikuwa na miaka kumi, na wazazi wake walimkataza. Koko alikuwa mtu mzima, tena wangu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Alipokuwa mahututi aliniuliza kama mambo ya Divine yalikwisha moyoni mwangu. Nikamfunika vizuri, nikamwambia yalikwisha zamani. Nilimdanganya kwa upole uleule alionidanganya nao.