Kigoda cha Baba Mkubwa

Sebule yangu ya mjini Mpemba niliiita hazina ya urithi wetu. Mke wangu aliiita stoo yenye kochi. Kulikuwa na vyungu, vinu, ngoma ambayo jirani alinikataza kuipiga, na ukutani, chini ya taa yake maalumu, kigoda cha baba mkubwa. Nilikichukua kijijini kwetu Igamba baada ya maziko yake, huku nikiwaeleza waombolezaji, kwa sauti ya mhadhiri, jinsi mchwa wanavyoitafuna historia ya Afrika. Hakuna aliyenibishia. Watu walikuwa na msiba.

"Wageni wanakalia ndoo," mke wangu alisema, "kigoda kinakalia ukuta."

Kisha shangazi akapiga simu. Matanga yataondolewa Jumamosi na baba mdogo atarithishwa. Kwetu mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu. "Kilete, mwanangu."

Nilijua kikifika Igamba huenda kisirudi. Nikapanga kiende kikiwa kimependeza mno, ukoo uone wenyewe nani anajua kukitunza, wanirudishie. Ijumaa jioni nikakipaka vanishi, nikarudia tena kwa ukarimu. Kwamba vanishi haikauki upesi katika baridi ya Juni, shahada yangu haikunifundisha.

Jumamosi, kule Igamba, baba mdogo alikuja na suti mpya, akakikalia. Wazee wakasema maneno yao taratibu, kama wazee. Mwishowe akaambiwa asimame ausalimie ukoo. Akainuka nusu. Kigoda nacho kikainuka.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza habari za vanishi, shangazi akaniwahi kwa vigelegele.

"Kimemkamata! Marehemu hataki mwingine!"

Wanawake wakaitikia. Mzee mmoja akasema amerithisha watu wengi, hajapata kuona kiti kikimkubali mtu namna ile. Baada ya hapo ningeombaje nirudishiwe?

Baba mdogo, ambaye pua yake haina tatizo, alinivuta karibu. "Umekitunza vizuri, mwanangu," akaninong'oneza. "Sasa ninasue."

Nikamshika mikono, shangazi akashika kigoda, tukavuta. Kipande cha suruali kikabaki kwenye kiti. Shangazi akakibeba kigoda moja kwa moja hadi ndani kwa baba mdogo. Nikamfuata mlangoni, nikauliza kama ninaweza walau kukipiga picha.

"Piga," alisema. "Ila usikiguse. Bado kinashika."