Dawa ya majani huku delta: wanapulizia maji yakipwa, na sisi ndipo tunapochota ya kunywa

Wakuu, habari za humu.

Hili limenikuta mwenyewe, hapa Mbuchi, sijasimuliwa na mtu. Mwili haujatulia bado, kwa hiyo mkiona sentensi zimepinda mnivumilie.

Kwa wasiopajua huku: hatuna maji ya bomba. Tunakunywa mto.

Bahari ikijaa, maji yanapanda mpaka kwenye vijito vyetu, chumvi tupu. Yakipwa, maji ya mto yanashuka na chumvi inaondoka. Hapo ndipo akina mama wanatoka na ndoo zao. Iwe mchana, iwe alfajiri, mwenye kuamua ni maji.

Sasa kuna jani limeingia. Limetokea wapi sijui. Linaota kwenye matope, linaziba vijito, boti ikipita linanasa kwenye mashine. Na limevamia mpunga. Shamba la mama yangu limeliwa karibu nusu.

Mama ni mtu mzima, ila msimu wa mpunga humwambii kitu. Anahamia shambani, ng'ambo ya mto, analala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, anafukuza ndege na nguruwe. Ukimwambia apumzike anakuuliza mtakula nini.

Ukaja mradi mmoja (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Wakasema jani watalimaliza kwa dawa ya kupulizia.

Mimi nilipinga tangu mwanzo. Si kwamba nina elimu ya madawa, la hasha. Nanunua kamba kwa wavuvi napeleka Kibiti, nikawa naogopa kamba watakufa. Basi nikachekwa kijiji kizima, eti natetea tumbo langu. Mama ndiyo usiseme.

"Weye unakula kamba, mie nakula mpunga. Waache waje."

Hatukununiana, lakini ikawa tukikaa pamoja majani hatuyataji.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikuwa nimelala Kibiti siku tatu na mzigo wangu, nikashuka kwenye boti nikaenda moja kwa moja mkutanoni, hata nyumbani sijafika. Mke wangu Zuhura nikamkuta amekaa na wenzake mkekani. Ana mimba kubwa, hata kukaa chini ni kazi.

Mtaalamu wa mradi alikuwa kijana mpole, anaeleza vizuri, hana majivuno. Nusu ya watu walishakubali kabla hajamaliza.

Zuhura akanyoosha mkono, akauliza watapulizia wakati gani, ili watu waweke watoto ndani.

Kijana akafurahi kuulizwa. Akasema, "Maji yakipwa, dada. Jani linakuwa wazi, dawa inapata muda wa kukaa kabla maji hayajarudi."

Wakuu, upande wote wa wanawake wakatazamana. Mama mmoja akasema taratibu, "Baba, hapo ndipo tunapochota ya kunywa."

Yule kijana alibadilika sura, na naapa hakuwa anajua. Mtu aliyekulia maji ya bomba atajulia wapi?

Mwenyekiti akamuuliza kama wameshaanza. Akasema wamefanya majaribio madogo tu, juzi, sehemu isiyo na makazi. Akanyoosha kidole ng'ambo.

Ng'ambo kwa mama yangu.

Wao walitafuta nyumba, hawakuona nyumba. Dungu nani atalihesabu kuwa makazi?

Sikuaga mtu. Nilivuka nikamkuta mama anachochea moto, mzima kabisa, na salamu nikaisahau. Nikamuuliza maji anachota wapi siku hizi.

"Hapo hapo. Kwani siku zote nachota wapi, baba?"

Akaanza kuwasifia wale wapuliziaji. Vijana wana adabu, wamemwamkia, wamepulizia wakaenda zao. Na wamemwachia madumu yao mawili matupu, meupe, mifuniko inabana vizuri.

Ndiyo yaliyobeba dawa. Huku kwetu dumu lenye mfuniko mzima halitupwi. Aliyasugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha. Moja kalijaza maji ya kunywa.

Nikamuuliza la pili liko wapi.

"Nimempelekea mkeo tangu juzi. Nimelijaza kabisa, asihangaike kwenda mtoni na tumbo lile."

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Nikapiga simu. Zuhura akasema ndiyo, dumu jeupe, ndilo analonywea, maji yake yanakata kiu kweli, nimshukuru mama.

Tumeenda zahanati, tumeenda na hospitali. Wanasema hawaoni tatizo, tusubiri ajifungue. Yule kijana wa mradi alikuja mwenyewe nyumbani, akaomba radhi, akatuandikia jina la dawa. Kijiji kimeikataa, sasa tunang'oa kwa mikono na majembe. Kazi haiishi, lakini tunang'oa.

Mama ameuacha mpunga kwa ndege. Amehamia kwetu. Kila asubuhi anaweka mkono kwenye tumbo la mkwewe, na chai hanywi mpaka mtoto acheze.

Nilichojifunza: mkiletewa dawa yoyote kijijini, msiishie kuuliza inaua nini. Ulizeni itapuliziwa wakati gani, na madumu yake yatakwenda wapi. Mimi nilipinga kwa kelele zote, na hayo mawili sikuuliza hata moja.

Humu najua wapo madaktari na watu wa kilimo. Mwenye kuzifahamu hizi dawa aje, jina la dawa nitamtumia faragha. Niambieni ukweli hata kama ni mbaya.

Zuhura hasomi humu.