Mkono wa Baba Sefu

Kila Jumamosi mama alinituma kwa Baba Sefu na kuku. Sisi tulikuwa Wakatoliki wenye asili ya Kasai. Yeye alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema. Kule mtaani kwetu Bel-Air, wakati ule, kuku wa majirani wote walichinjwa na yeye, ili asiwepo wa kukataa chakula cha mwenzake.

"Baba, kuku iko kuku," nilimtania siku ile.

"Na mutoto iko mutoto. Shika miguu, acha maneno."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikidhani dunia naijua.

Siku chache baadaye bunduki zililia upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege. Katanga ilikuwa imejitenga, na sisi wa Kasai tukaitwa wageni katika mji tulimozaliwa. Baba yangu alikwenda stesheni kututafutia nafasi katika treni. Hakurudi. Baba Sefu akatuingiza kwake. Mama akajifunga ushungi, mimi nikavishwa kofia ya mwanawe Sefu.

Wenye bunduki walifika asubuhi, wakiwasaka watu wa Kasai.

"Huyu iko wa nani?"

"Iko wangu. Jina yake Ramazani."

Mkubwa wao akamwona kuku uani. "Achinje, tuone."

Nilimlaza kuku akielekea kibla, kama nilivyoona Jumamosi zote. Nikasema Bismillahi. Nikakata.



Kisha, kwa kushukuru, nikafanya ishara ya msalaba.

Mkubwa wao akatabasamu, akamgeukia Baba Sefu. "Sema tena. Iko wa nani?"

"Iko wangu."

Kitako cha bunduki kikashuka kwenye mkono wake wa kulia.

Akaulizwa tena. Akajibu vilevile.

Mwishowe wakamchukua kuku, wakaenda zao.

Mkono ule haukushika mkasi tena. Vita vilipotulia, yeye alichora kitambaa kwa chaki, kwa mkono wa kushoto, nami nikakata. Suruali tulizoshona hivyo zilinisomesha hadi nikamaliza sekondari. Baba yangu hatukuona hata kaburi lake.

Watu huniambia nilikuwa mtoto tu. Lakini niliweza kukumbuka dua ya watu wengine. Kuzuia vidole vyangu mwenyewe sikuweza, na fundi akalipa.

Leo vijana wa hapa wakiniuliza niko wa nani, nataja kwanza jina la baba yangu. Kisha nanyoosha mgongo.

"Na tena niko wa Baba Sefu."

Sijaona bado wa kunibishia.