Mluzi Ambao Fundi Sikio Hakuusikia

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Ukimpelekea gari lenye mlio usioeleweka, hakuanza kwa kufungua boneti. Aliketi kiti cha mbele, akashusha kioo na kukuambia, "Endesha, usiongee." Kabla hamjamaliza kuzunguka mtaa alishajua kama ni beringi, mkanda au breki zilizokwisha. Wateja walitania kwamba angeweza kumsikia mbu akipiga chafya ndani ya injini.

Ila kwa miaka miwili sasa masikio yale yalikuwa yakimtupa mkono. Milio myembamba ndiyo iliyotangulia kupotea: ndege wa alfajiri, birika linapochemka, kicheko cha mkewe akiwa chumba cha pili. Hakumwambia mtu. Alijizoesha kutazama midomo ya watu, na wenzake wakicheka naye anacheka.

Asubuhi moja dada yake mkubwa aliingia gereji na gari lake kuukuu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

"Panda, mdogo wangu," alisema. "Kuna kitu kinapiga mluzi gurudumu la mbele, nikikata kona ya kulia. Kesho shemeji yako anapeleka mzigo wa sare."

Walizunguka nyuma ya soko. Kwenye kona dada alimshika goti. "Huo! Umeusikia?"

Hakusikia kitu, ila mngurumo wa injini. Angeweza kusema, "Sijausikia, dada, rudia." Angeweza kuinua gari kwa jeki na kulitikisa lile gurudumu, kazi ya dakika tano tu. Lakini kwenye geti la gereji wateja watatu walikuwa wakimngoja Fundi Sikio.

"Nimeusikia," akasema. "Vumbi tu limeingia kwenye breki. Litatoka lenyewe."

Dada akashusha pumzi. "Ningekuwa na masikio yako, ningeacha kushona."

Kesho yake, saa nne, gurudumu lilichomoka kwenye mteremko. Shemeji yake alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Fundi Sikio alikwenda polisi kulitazama gari. Aliikuta beringi ya gurudumu imeungua mpaka imegeuka buluu, gololi zake zimesagika. Beringi ya namna hiyo hulia kwa siku nyingi kabla ya kufa. Alichuchumaa pale uani akiitazama mpaka askari alipomshika mkono.

Msibani alikaa karibu na mlango. Mama wa marehemu ndiye aliyeuliza kilichomuua mwanawe.

"Gari lilikuwa zima, mama," dada alijibu. "Mdogo wangu alilisikiliza mwenyewe juzi."

"Basi ni mwendo," yule bibi akasema. "Mwanangu kajiua kwa mwendo, kakuacha na watoto."

Dada aliinamisha kichwa asibishe. Hapo ndipo maini ya Fundi Sikio yalipokatika. Shemeji yake hakuwahi kukimbiza gari maishani mwake. Alikuwa akipitwa na baiskeli, na wote waliwahi kumcheka kwa hilo. Sasa alikuwa anazikwa na kosa lisilo lake.

"Si mwendo," alisema. Sauti ilimtoka kubwa mno, watu wakageuka. "Dada, mimi sikuusikia ule mluzi. Sisikii. Ni mwaka wa pili huu."

Dada alimtazama kama anayemtazama mtu mgeni. "Ulisema umeusikia."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Dada hakupiga kelele. Alimwomba tu, polepole, amkaribie mama wa marehemu aseme tena, ili bibi asikie vizuri kwamba mwanawe hakuwa mzembe. Akasogea, akapiga magoti, akasema yote tangu mwanzo. Bibi alijifunika uso kwa kanga. Wanaume wawili walimtoa Fundi Sikio nje, naye hakuwapinga. Kutoka pale alikwenda polisi kuandikisha maelezo yaleyale.

Gereji aliwaachia wenzake. Siku hizi anaziba pancha kando ya barabara, na mteja akimweleza habari ya mlio anamwelekeza kwa fundi mwingine.

Kila Jumamosi huenda kwa dada yake. Wiki za mwanzo mlango haukufunguliwa, akawa anakaa kibarazani saa moja kisha anaondoka. Mwezi wa tatu dada alifungua, akarudi kwenye cherehani bila salamu. Fundi Sikio akaingia, akaketi. Dada alishona, akaisimamisha cherehani, akasema kitu akiwa amempa mgongo.

"Sijakusikia, dada," akasema.

Dada aligeuka, macho yamemwiva kwa kulia. "Nimesema bado siwezi kukutazama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuzia kiti chake dirishani, dada asilazimike kumwona uso, na cherehani ikaendelea.