Fundi Pua na Tangi la Mwalimu

Mume wangu watu humwita Fundi Pua, na jina hilo hulivaa kama suti. Yeye ni fundi wa matangi ya petroli ya magari makuukuu, yale ambayo vipuri vyake vimekwisha duniani na wenyewe bado wanayapenda. Tangi likivuja hulishusha, huliosha kwa maji ya moto na sabuni, huinama tunduni akavuta pumzi, kisha husema, "Safi." Hapo ndipo huwasha moto wa gesi atie lehemu. Ukibaki mvuke wa petroli ndani, tangi hulipuka na fundi huokotwa vipande. Kwa hiyo watu hawasifu mikono yake, wanasifu pua.

Pua yenyewe ilikufa miaka mitatu iliyopita, baada ya mafua makali. Niligundua siku sufuria ilipoungua jikoni mpaka ikatoboka, naye amekaa kando anasoma gazeti, akaniuliza chakula kitaiva saa ngapi. Nilimwambia aache kazi. Akasema nimwache afe na jina lake, nisimwambie mtu. Nikaahidi, mjinga mimi.

Basi tangu hapo kila saa nne napeleka chupa ya chai gereji. Naiweka chini karibu na tangi, nainama, nanusa. Kukiwa safi, nammiminia. Kukiwa na petroli, nasema chai bado haijakolea, naye anaosha upya. Wateja humtania: "Fundi, bila chai ya shemeji huwashi moto?" Anacheka nao, mtu mzima, halafu anainama tunduni kuwavutia pumzi za bure.

Nilivumilia. Lakini siku moja ndugu zake walikuja kututembelea, akawaambia mimi siku hizi sina kazi, nazurura tu na chupa ya chai. Mbele yangu. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikajifanya hamnazo, nikawaongezea maji ya kunywa, ila moyoni nikasema: kesho utajua nani anazurura.

Kesho yake saa nne ilinikuta nyumbani, miguu juu ya stuli. Saa nne na robo bado najisifu. Saa nne na nusu nikaanza kuuona ule moto. Hasira gani hii, nikajiuliza, ya kujitia ujane kwa mkono wangu mwenyewe? Nikatoka mbio na chupa ambayo hata chai haikuwamo.

Nilimkuta na Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mwenye gari dogo la kijani analolifuta kwa leso yake mwenyewe. Tangi lake lilikuwa juu ya matofali. Mume wangu alishainama, alishasema "Safi," na moto unavuma mkononi. Mwalimu alikuwa akimvika kilemba cha ukoka: "Pua kama hii haizaliwi tena."

Nikainama. Petroli ilinipanda mpaka machoni.

"Chai bado haijakolea," nikasema.

"Leo sinywi chai, mama. Rudi nyumbani na hasira zako za jana."

"Haijakolea, baba."

"Nimesema tangi safi."

Mwalimu akatazama pembeni kwa adabu, akidhani ameingilia ugomvi wa ndoa. Mume wangu akasogeza moto. Nami niliahidi nisimwambie mtu. Basi nikalikalia tangi. Mimi, mama wa watoto wanne, na kilo zangu zote.

"Shemeji," Mwalimu akasema, "hilo bati ni la zamani."

"Hata mimi," nikamjibu.

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa nimelishika tangi kwa mikono miwili, wala sikushuka. Akafunga gesi. Akaendelea kuikaza koki ambayo ilishakazwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi sisikii harufu. Mwaka wa tatu huu. Anayenusa ni huyu."

Nilijua Mwalimu atabeba tangi lake aondoke. Alilitazama gari lake, akamtazama fundi, kisha akanigeukia mimi.

"Basi shemeji, unasemaje? Lioshwe mara ngapi?"

Katika miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikashuka, nikainama tena, taratibu, bila chupa, mbele ya watu.

"Mara mbili," nikasema. "Na atie kokoto, alitikise vizuri."

Mume wangu akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.