Zizi Tupu la Nata

Kila akienda kwao Nata, Oteng hupita mbali na zizi la baba yake. Ndiye aliyeandika programu ya kuwatumia wafugaji wote ujumbe wa simu ugonjwa wa midomo na kwato ukizuka.

"Usivute rekodi zote za wafugaji kwa mkupuo, bwana," mwenzake kazini Boitshepo alimwonya alipokuwa akiiandika. "Vuta fungu, vijiprogramu vyako vinane viligawane, vikimaliza ndipo uvute jingine. Seva itakufia hiyo!"

"Dada, acha woga. Nimeijaribu, inakimbia kama swala."

Kweli aliijaribu, ila kwa wafugaji wa wilaya moja tu.

Asubuhi ugonjwa ulipozuka, programu ikazimwaga rekodi za Botswana nzima ndani ya seva. Memori ikajaa pomoni, seva ikazima. Wakaiwasha, ikabeba mzigo uleule, ikazima tena. Mpaka Oteng aache ubishi na kuandika upya kwa mafungu, jioni imeingia. Baba yake, bila habari yoyote, alikuwa keshaswaga ng'ombe wake hadi malisho yaliyopigwa marufuku asubuhi ileile kwa sababu ya ugonjwa. Serikali ikawapiga risasi ng'ombe wote.

Oteng alikwenda kumwomba radhi, akamweleza kila kitu. Mzee alimsikiliza huku akitazama kichochoro chembamba cha miti pale zizini wanamopitishwa ng'ombe kuchanjwa, mmoja nyuma ya mwingine.

"Si wewe niliyekuwa nakusimamisha hapa langoni utotoni, mwanangu?" akasema taratibu. "Lini uliniona nikiwaachia wote kwa mpigo?"