Fenesi la Siku ya Matunda

Harufu ya fenesi imenikamata leo dukani Qurum, huku Uarabuni, nikabaki nimesimama na kikapu kitupu.

Nilipokuwa mdogo, abla, mwalimu wetu, alitwambia tulete matunda, tule vitu vya afya. Wenzangu walileta matufaha. Mimi nilibeba bakuli la fenesi aliloletewa bibi kutoka Unguja, na njia nzima niliota wakiligombania.

"Abla, huyu Mzinjibari kaleta kitu kimeoza!" alipiga kelele mwenzangu mmoja; ndivyo walivyotuita sisi wenye asili ya Unguja.

Darasa zima likaziba pua na kucheka. Abla akalimwaga pipani, akanipa nusu tufaha.

Bibi alikuwa akinisubiri mlangoni. "Haya, mjukuu wangu, wamelionaje?"

"Wamelimaliza, bibi."

Akapiga makofi kwa furaha. "Nnajua mie! Basi ntaagiza jengine."